Sauti ya Norris Tunnicliffe

Pale kwenye chumba cha kuchomea maiti, walipobonyeza kitufe, Norris wetu alitoka kwenye spika akiimba kama mtoto wa kwaya. Mjane wake, Beryl, akanikamata mkono.

"Doreen, huyo nani?"

Huyo alikuwa mumewe, kwenye wimbo wa kwanza wa bendi yetu, tuliourekodi mwaka 1967 katika baa ya mji wa Burslem, Uingereza, tulikoanzia. Beryl aliomba kitu kimoja tu kwenye mazishi: aisikie sauti ya Norris mara ya mwisho. Santuri yao ilishachakaa, kwa hiyo kampuni ya muziki ikamletea toleo jipya, eti limesafishwa sauti.

Piano ya baa ile ilikuwa imelegea nyuzi, kila noti ikitoka nzito kuliko inavyotakiwa, na mwenye baa, bahili wa kutupwa, hakutaka kuita fundi. Mpiga piano nilikuwa mimi. Ikabidi Ron, mpiga gitaa wetu, alegeze nyuzi zake, wa besi naye alegeze, wanifuate huko chini. Nyuzi zilipolegea zikaanza kunguruma. Zile nyimbo za bluzi za watu weusi wa Marekani, tulizokuwa tunaziiga vibaya, zikatukaa mwilini, na Norris akashuka nazo mpaka sauti ikawa inatokea tumboni. Sauti hiyo ndiyo iliyotufikisha Hamburg na Chicago, tukipiga polepole wakati bendi nyingine zote zinakimbizana. Hata tulipopewa piano nzuri, tulimwomba fundi aishushe. Wakatucheka, lakini kumbi zilijaa.

Baada ya mazishi tulirudi kwenye baa ileile, kwa bia na mikate ya nyama ya nguruwe. Julian, kijana wa kampuni, akaja kutoa pole. Sikumngoja akae.

"Umemfanya nini Norris?"

"Nimemsaidia, mama! Piano ilikuwa chini. Nimeongeza kasi ya kanda kidogo tu, sauti zote zikapanda, ikakaa sawa."

"Nani alikutuma?"

"Lilikuwa kosa, mama. Watu wa siku hizi wanalisikia."

"Watu wa siku hizi wana masikio, wa zamani walikuwa na nini, maboga?" Ron alifoka kutoka kaunta. "Wimbo usio na kosa si ungetengeneza wako mwenyewe, tukusikie!"

"Jamani, nilitaka wimbo upendeze..."

Mshenzi yule alikuwa anatabasamu, kama anayesubiri kushukuriwa. Nilitamani kumbamizia kifuniko cha piano kwenye vidole.

Beryl akaweka kikombe chake cha chai mezani. Hajawahi kupaza sauti maisha yake yote, na hata siku ile hakupaza.

"Kijana, hilo kosa nimelala nalo kitanda kimoja miaka arobaini. Kila asubuhi lilikuwa linanguruma likitafuta soksi. Leo nimelichoma moto, na wewe umeninyima hata kulisikia."