Mtungi wa Shirinbai

Mimi na Shirinbai tulikaa ukuta mmoja hapa Chang'ombe miaka kumi na miwili, tukiazimana vinu na kawa, mpaka Mfunguo Nne ule, mwezi wa Muharram, aliponiambia mbele ya wanawake wenzake wa Kishia, "Nyie Waarabu ndio mliomfungia maji mjukuu wa Mtume." Kana kwamba baba yangu alikuwako Karbala, kasimama ukingoni mwa mto na mkuki. Niliudhika, nikaacha kusema naye.

Siku ya kumi, Ashura, alivaa nyeusi akaenda mjini kumwombolezea Huseni, mjukuu huyo wa Mtume. Mimi na mume wangu Matar tulifunga, kama desturi yetu siku hiyo. Adhuhuri akaja bwana afya, akamkosa Shirinbai, akabisha kwangu.

"Kisima cha jirani yako kina homa ya matumbo," akasema. "Wawili wameshakufa mtaa wa nyuma. Kesho nakuja kukifunga. Mwambie leo asimpe mtu maji."

Nikaitikia.

Alasiri Shirinbai akarudi, macho mekundu. Nilimwona dirishani akiteka maji na kujaza mtungi wa sabili, ule anaouweka barazani kila Ashura kuwanywesha wapita njia, kwa sababu Huseni na watu wake walikaa siku tatu bila maji kabla ya kuuawa. Ilikuwa nimwite tu. Lakini nikajiambia, aje kwanza aniombe radhi. Akapita muuza mkaa, akanywa. Akapita mwanamke na mwanawe mgongoni, wakanywa wote wawili. Na bado sikumwita. Sijui ni moyo gani niliokuwa nao siku ile.

Magharibi ikaadhiniwa. Nilikuwa napanga tende Matar alipoingia, anafuta ndevu, na bilauri mkononi.

"Nimefuturu kwa Shirinbai," akasema. "Bilauri mbili, maji baridi kweli."

"Umekunywa kwake? Na alivyotutukana?"

"Ndiyo maana nimekwenda, niwapatanishe. Amelia, Nunu. Anasema alikosea, anakuomba radhi. Kakuletea haya ufuturie."

Akaiweka bilauri mbele yangu. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani; kumwambia kilichomo majini ni kumwambia kuwa nilijua tangu adhuhuri. Barazani Shirinbai alikuwa bado anawaita wapita njia. Matar akaisogeza bilauri karibu zaidi, akakaa kungoja ninywe.