Jamaa ya Mwenye Gari

Ofisi ya ajenti wa bima mjini Machakos ilikuwa juu ya duka la mbegu, na ngazi zake zilinuka dawa ya kuua wadudu. Kaluki alizipanda polepole, Jumatatu moja ya Februari 1979, kitabu cha gari kikiwa ndani ya kiondo. Nyuma yake alikuja Mutindi na ufunguo. Usajili walikuwa wameumaliza asubuhi hiyo. Rangi ya nambari ilikuwa haijakauka vizuri.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, yenye mgongo mrefu na springi nzito. Kaluki, mjane aliyeishi Tawa, alilima pojo na machungwa. Aliitaka kwa kazi za nyumbani kwake: maji, samadi, mavuno, na kwenda kanisani Jumapili.

"Matumizi binafsi, basi," alisema Jonah, ajenti. "Hakuna kubeba abiria, hakuna mizigo ya watu."

"Sitaki watu. Watu wana miguu."

"Na dereva huyu ni nani wako?"

"Ni mke wangu."

Jonah alielewa. Ukambani mwanamke asiyejaliwa mtoto anaweza kuoa mke, akamtolea mahari, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba yake. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Mahari ya Mutindi ilikuwa imetolewa na kupokewa zamani, mbuzi kwa mbuzi, na binti yao Nzilani alikuwa darasa la tatu. Jonah mwenyewe alikuwa mjukuu wa iweto.

"Mama, kampuni ni ya Nairobi," alisema. "Hapa kwenye fomu, pa dereva, pana mume wa mwenye gari, mke wa mwenye gari, mtoto, na mtumishi."

"Mke yuko hapo. Umemsoma wewe mwenyewe."

"Wanamaanisha mke wa mwanamume."

"Basi niandike mume," alisema Mutindi. "Naendesha, nabadilisha tairi, na nikirudi nyumbani naulizia chakula."

Jonah alicheka, akaandika mtumishi. Ni neno tu, alisema. Kisha akashuka nao, akabandika stika ya bima kwenye kioo cha mbele.

Jumapili iliyofuata, Muthama, shemeji yake Kaluki, aliomba kupelekwa kanisani. Muthama alipenda kuwaambia wazee wa ukoo kwamba Mutindi na Nzilani ni wageni, na kwamba shamba la marehemu kaka yake lilikuwa linamngoja yeye. Alipanda nyuma. Walipofika kwenye mto mkavu, sakafu ya chuma ilimpitisha kama chujio linavyopitisha chai, akabaki amesimama mchangani, kofia kichwani. Alitembea kilichobaki na kufika wakati wa wimbo wa pili.

"Umeshukia wapi?" Kaluki alimuuliza.

"Mtoni."

Ilibainika kwamba pikapu ilifuata bima yake neno kwa neno: abiria hapana, jamaa tu, kila mmoja kwa kadiri ya ukaribu wake. Majirani hawakutoka langoni. Ndugu wa mbali walifika mtoni. Watoto wa dada zake Kaluki walifika mjini Salama, kwenye barabara kuu, wakateremshwa karibu na vibanda vya nyama choma, na hawakulalamika. Mutindi na Nzilani walikwenda Mombasa kwenye harusi na kurudi, Mutindi akiendesha na Nzilani nyuma amekalia gunia moja njia nzima. Wazee wa ukoo walianza kuleta wachumba wapimwe undugu. Wote wawili wakifika Salama, harusi iliahirishwa. Muthama alijaribu tena akiwa amevaa koti la marehemu kaka yake. Aliachwa mtoni.

"Gari halijui ukoo," alisema, akikung'uta mchanga kwenye koti.

Aprili mvua ilikuja kwa nguvu. Ukingo wa mto uliporomoka, pikapu ikalala ubavu, na mguu wa Mutindi ukavunjika chini ya goti. Daktari alisema ungenyooka ukitiwa chuma katika hospitali kubwa, bila hivyo ungepona ukiwa mfupi. Gharama ya namna hiyo bima iliahidi kulipa, kwa mwenye gari na jamaa yake tu.

Kampuni ililipia kunyoosha bodi ya pikapu bila swali. Kwa ajili ya mguu ilimtuma mkaguzi, Ndululu, mtu mpole mwenye viatu vya kahawia, akiongozana na Jonah.

"Mtumishi si jamaa. Matibabu yake hayamo katika bima hii," Ndululu alieleza.

"Pandeni nyuma," alisema Kaluki.

Mutindi alipakiwa juu ya godoro, mguu umefungwa mbao, Nzilani akamshika kichwa. Wanaume wawili walikaa pembeni. Kaluki mwenyewe alishika usukani, kwa gia ya kwanza, kwa kuwa nyingine hakuzijua. Langoni Ndululu na Jonah walipita katikati ya chuma na kubaki wima barabarani. Pikapu ilikwenda mtoni, ikavuka, ikageuka, ikarudi. Mutindi na Nzilani walikuwa palepale juu ya godoro.

"Mmeona," alisema Kaluki.

"Nimeona, mama," alijibu Ndululu. "Lakini kampuni haikupanda."

Alikunywa chai, akasifu machungwa, akaandika kwamba pikapu ilikuwa katika hali nzuri. Mutindi alifungwa plasta Machakos. Mguu ulipona ukiwa mfupi, kama daktari alivyosema.

Februari ilipofika tena, walikuwa wameuliza ofisi nyingine mbili, na huko pia hapakuwa na nafasi ya iweto. Wakapanda ngazi zilezile, Mutindi akishika ukuta.

"Mtumishi?" Jonah aliuliza, bila kuinua macho.

"Umeniona nikipanda," alisema Mutindi. "Andika mtumishi na nusu mguu."

Jonah aliandika mtumishi. Alishuka nao, akabandika stika mpya juu ya alama ya ile ya zamani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na jua lilikuwa kali.

"Mama, nifikisheni stendi," alisema.

"Panda, mwanangu."

Alipanda nyuma, akashika chuma kwa mikono miwili. Mutindi alitia gia. Pikapu ikaondoka, na Jonah akabaki mbele ya duka la mbegu, mikono mbele, ameshika hewa. Aliishusha mikono, akafuta vumbi kwenye suruali, akaenda stendi kwa miguu.