Leta Ndoo

Watu walimwita Mama Vitambaa kwa sababu ya vitambaa vya meza na makochi alivyofuma ujana wake wote. Macho yalipoanza kumchoka aliacha uzi mwembamba, akageukia mifuko ya plastiki. Aliiokota sokoni na mitaroni, akaifua, akaianika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga, akaikata vipande virefu na kuviunga mpaka vikawa donge. Kisha alishika sindano yake nene yenye ndoano na kufuma mikeka. Majirani walimtania kwamba ukimpelekea sukari atamwaga sukari abaki na mfuko. Hakuwajali. Mikeka ile haikupitisha unyevu, na aliwagawia watu waliolala kwenye baraza ya benki, pembeni mwa soko.

Meneja wa benki hiyo alikuwa binti yake wa pekee.

Asubuhi moja, akiwa na mkeka mpya kwapani, aliikuta baraza imelowa chapachapa, haina mtu. Ng'ambo ya barabara alimwona Mwashi, mzee aliyejenga maduka mengi ya mtaa ule kabla hajaanguka kutoka jukwaa la ujenzi akaumia mgongo. Alikuwa amechuchumaa ukutani, anatetemeka, nguo zimemganda mwilini.

"Nani kakufanya hivi, kaka?"

"Wametumwagia maji, dada, tumelala. Na mikeka wameichukua." Akaonyesha nyuma ya benki kwa kidevu.

Mama Vitambaa akaenda kutazama. Mikeka ilikuwa imejazwa kwenye pipa la taka, imekatwakatwa kwa kisu ili asiwepo wa kuiokota tena. Alirudi, akamvua Mwashi shati lililolowa, akamfunika kwa shali lake, kisha akaingia benki na kwenda moja kwa moja ofisini kwa mwanawe bila kubisha.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani kaagiza watu wamwagiwe maji?"

"Kaa kwanza, mama. Ni amri ya wakubwa. Wateja wanalalamika."

"Mkubwa gani? Nitajie nimfuate."

Binti akanyamaza, akachezea kalamu. Ukimya ule mama yake aliujua. Ndio aliokuwa akiutumia utotoni akivunja kikombe.

"Kumbe ni wewe."

"Wateja wanawaruka watu mlangoni, mama. Halafu wananong'ona kwamba mama yake meneja ndiye anayewatandikia. Unaniaibisha."

"Baba yako alipotufukuza tulilala wapi? Si kituo cha basi, kichwa chako mapajani mwangu? Kuna aliyetumwagia maji?"

"Nakumbuka," binti alisema. "Ndiyo maana siwezi kuvumilia kuwaona kila asubuhi."

Pengine mama mwingine angelainika. Yeye hasira ndiyo kwanza ilimpanda.

"Basi fumba macho. Kufumba macho hakuhitaji maji."

Akatoka mpaka katikati ya ukumbi, mbele ya madirisha ya kuwekea fedha, akautandika mkeka wake mpya. Akavua viatu, akaviweka chini ya kichwa na kujilaza. Foleni nzima ikageuka. Mwanamke mmoja, ambaye siku ya ndoa yake meza ilitandikwa kitambaa alichofuma bibi huyu, akamtambua, akaita jina lake kwa mshangao. Akafumba macho.

Binti akatoka mbio. "Mtoe," alimwambia mlinzi kwa sauti ya chini.

Mlinzi hakusogea. "Mikeka niliikata mimi, madam, kwa sababu uliniambia. Dhambi hiyo inanitosha. Huyu ni mama yako, mtoe mwenyewe."

Binti akapiga magoti kando ya mkeka. "Mama, amka. Nakuomba."

"Mimi nimelala. Leta ndoo."

"Mama, watu wanatazama."

"Wenzangu uliwamwagia watu wakiwa hawatazami. Leta ndoo, mwanangu."

Binti akainuka, akaingia ofisini na kujifungia. Wateja walihudumiwa huku wakimzunguka bibi yule aliyelala, na wengine walizungumza kwa kunong'ona kama wako msibani. Alikaa hapo mpaka benki ilipofungwa.

Usiku huo maji hayakumwagwa, wala hayakumwagwa tena. Mwashi alilazwa hospitali, kifua kimembana. Alitoka hai, lakini kikohozi hakikumwacha. Mama Vitambaa ndiye aliyempelekea uji.

Siku moja binti alipiga simu. "Mama, nisamehe."

"Mimi hukunimwagia. Waombe wao."

"Nitawaambia nini?"

"Hiyo utajua mwenyewe. Hukukosa maneno ulipomtuma mlinzi."

Simu ikakatika. Mpaka leo binti huingia benki kwa mlango wa nyuma, hajakanyaga barazani kuwaomba msamaha. Na mama yake anafuma, amekunja uso, akivuta ile plastiki kwa nguvu kiasi kwamba majirani wameacha utani.