Maktaba Iliyokwapuliwa na Watani

Othman wa Kombe alivaa ufunguo mmoja tu shingoni, lakini kwa jinsi alivyoutembeza mjini ungedhani amekabidhiwa ule wa peponi. Ulikuwa ufunguo wa kabati la maktaba ya Msambweni. Na maktaba yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ghala la kopra, zile nazi zilizokaushwa. Enzi za Mzungu watu walipima nazi na korosho mle ndani, na hata baada ya kupakwa chokaa mara tatu, kuta ziliendelea kunuka mafuta yaliyochacha. Ukikaa saa nzima mle unatoka na njaa.

Mwaka wa pili wa Uhuru wazee walikaa wakasema: bendera tumepandisha, hotuba tumesikia mpaka masikio yameota sugu, sasa tunataka vitabu. Wanawake wakauza vitumbua, maseremala wakatoa mbao, watu wakajitolea kwa harambee, na siku moja lori likashusha vitabu mia moja na ishirini. Kikabaki kitu kimoja, kumpata mtu wa kuvitunza. Hapo ndipo wazee walipokosea. Walimchagua Othman kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na alikuwa amefanya ukarani kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, kuita majina ya wakata miwa kila alfajiri.

Kutunza, Othman alitunza. Kila kitabu alikivika karatasi ya kaki. Akavipanga kwa urefu, virefu kushoto, vifupi kulia, akafunga kabati, akaketi mbele yake na daftari jipya la waazimaji. Mtu akiingia kabla hata salamu haijaisha anaambiwa, "Onyesha mikono." Mvuvi akionyesha, anarudishwa. Mkulima akionyesha, anarudishwa. Wanafunzi waliambiwa wangoje wakue, na wazee wakaambiwa macho yao yameshachoka, wapumzike. Miezi miwili ikapita, hata kitabu kimoja hakijatoka. Othman akawa anasema msikitini kwamba hakuna maktaba yenye nidhamu kama yake pwani nzima.

Sasa, asiyejua utani wa watu wa kule hataelewa kilichompata. Mtoto wa mjomba wako ni mtani wako. Ana haki ya kuingia jikoni kwako, kufunua chungu, kula na kukupigia mbweu usoni. Ana haki ya kuvaa kanzu yako mpya aende nayo harusini. Wewe kazi yako ni kucheka na kungoja zamu yako. Ukikasirika umeshindwa, na utaimbiwa hivyo mpaka unaingia kaburini. Na juu ya watani wote kuna bibi yako mzaa mama, ambaye anakuita mume wake na kukudai matumizi mbele za watu.

Binamu yake Othman, Mbodze, mtoto wa mjomba wake hasa, alikuwa muuza samaki wa kukaanga. Siku hiyo alikuwa amemaliza sinia lake mapema, akaingia maktaba.

"Nataka kitabu," alisema.

"Onyesha mikono."

Mbodze akaonyesha. Othman akaitazama, akainusa kwa mbali, akasema, "Nenda ukaoge kwanza."

"Lo! Mimi? Nikaoge?" Mbodze aliangua kicheko kilichosikika mpaka sokoni. Kisha, kwa mikono ile ile, akauvuta ufunguo shingoni mwa Othman, kichwa cha Othman kikaufuata mpaka kwenye tundu la kabati, akafungua, akachagua kitabu kinene kuliko vyote, akakitia kwapani. Kilikuwa kitabu cha sheria.

"Basi andika jina lako!" Othman alipiga kelele akisugua shingo.

"Niandike nini, mtani wangu? Anayeandika ni anayeazima. Mimi sikuazima, nimekwapua." Akaondoka zake akijipepea na jalada.

Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa na habari. Akaja Kitsao, kaka yake Mbodze, mgema ambaye msikitini haonekani na kanisani hajulikani, akachukua kitabu cha nyota. Akaja Bimkubwa, bibi yao wote watatu, akakalia kiti cha Othman na kunyoosha miguu.

"Mume wangu, mkeo ana upweke. Nipe kile cha kuku."

"Bibi, wewe hujui kusoma!"

"Na wewe hujui kuoa, na bado tunakuita mwanamume," Bimkubwa alijibu. Othman alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hajaoa; akamtolea kile cha kuku.

Baada ya hapo yakawa mafuriko. Watu ambao Othman hajawahi kuwaona walikuja wakitaja ukoo kama wanaosoma dua: mama yangu na mama wa mjomba wako walinyonya pamoja, kwa hiyo mimi ni mtani, lete hicho chekundu. Msambweni ukitafuta sana kila mtu ni binamu wa mwenzake. Mwezi mwingine haukwisha, kabati likawa jeupe. Othman aliendelea kulifunga kwa ufunguo kila jioni, akaenda zake nyumbani, na watu waliomwona walicheka mpaka wakashika kuta.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumatatu moja ilikuja barua. Mkaguzi wa maktaba angefika Alhamisi, na maktaba itakayokutwa haina utaratibu ingefungwa siku hiyo hiyo, kabati na vitabu vyake vihamishiwe mji mwingine. Othman aliisoma barua mara tatu. Aliwafikiria wale wanawake na vitumbua vyao. Mama yake mwenyewe alikuwa ameungua mkono kwa mafuta akivikaanga. Akajifikiria na yeye, kwani alikuwa mtu wa majivuno na hana jambo lingine la kujivunia.

Akatoka kukusanya vitabu. Mbodze alikuwa amekalia kitabu cha sheria, anageuza samaki.

"Nirudishie," Othman alisema.

"Ukikitaka kikwapue. Ndiyo desturi." Na Mbodze hakuwa mwanamke wa kusukumwa akasukumika. Othman alivuta ncha ya kitabu mpaka jasho likamtoka, kitabu hakikusogea.

Akaenda kwa Kitsao. Kitsao alikuwa juu ya mnazi na kitabu kifuani. "Othman! Hivi unajua mwezi hauna taa yake mwenyewe? Tumedanganywa miaka yote!"

"Shuka na kitabu!"

"Panda wewe!"

Hapo Othman akapandwa na hasira kweli kweli. "Wezi nyinyi! Ukoo mzima wezi!" Wanawake waliokuwa wakipita wakasimama, wakapiga vigelegele. "Amekasirika! Othman amekasirika!" Jioni hiyo watoto walikuwa tayari wana wimbo. Mpaka Jumatano usiku unaingia, hakuwa amepata hata karatasi ya kaki.

Alhamisi mkaguzi akaja, mtu wa bara, suti nzito, jasho linamchuruzika. Mji mzima ulikuwa umejaa barazani na madirishani kutazama. Alimpita Bimkubwa pale kizingitini bila shikamoo wala hodi, na Bimkubwa akamfuata kwa macho. Ndani, mkaguzi akafunguliwa kabati, akachungulia, akapitisha kidole kwenye vumbi.

"Vitabu viko wapi?"

"Vimetoka, bwana."

"Vimechukuliwa na nani?" Akafungua daftari la waazimaji. Lilikuwa safi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. "Kabati tupu, daftari tupu. Huu ni wizi, bwana." Akachomoa kalamu na kuiweka mezani. "Sikiliza. Niandikie majina yao hapa. Nikitoka nitapitia kituo cha polisi, na wewe hutakuwa na kosa. Usipoandika, mwizi ni wewe, na hapa nafunga leo."

Othman akashika kalamu. Wallahi, moyo wake nusu ulitaka. Alikumbuka ule wimbo wa watoto, akakumbuka ufunguo ulivyomkwaruza shingo, na akamwona Mbodze akipakiwa kwenye gari la polisi na sinia lake. Lakini mtani ndiye anayekuosha ukifa. Mtani ndiye anayeingia kaburini kukupokea, akikutukana mpaka dakika ya mwisho ili wenzako wasilie sana. Mtu anayempeleka mtani wake polisi atazikwa na nani? Akainamisha kichwa, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Othman wa Kombe. Akashuka mstari, akaandika tena: Othman wa Kombe. Akaendelea mpaka ukurasa ukajaa.

"Unafanya nini?" mkaguzi aliuliza.

"Vitabu vyote niliazima mimi."

"Vyote? Mia na ishirini?"

"Napenda sana kusoma."

Mkaguzi akakaa kitini, akakunja mikono. "Vizuri. Cha ufugaji wa kuku kinasemaje?"

Othman akalitupia macho kabati tupu. Kitabu kile alikuwa amekivika kaki, amekipima urefu, amekipanga. Kukifungua hakuwahi. "Kinasema... kuku ni ndege."

"Ehe."

"Na hutaga. Mayai."

Nje watu wakavunjika mbavu. Bimkubwa akashindwa kuvumilia, akaingiza kichwa dirishani. "Mume wangu, unanitia aibu! Kinasema kuku mgeni umtenge wiki mbili kabla hujamchanganya na wenziwe, maana huleta maradhi. Na utitiri unautoa kwa kupaka mafuta kwenye viota. Nimesomewa mara nne mimi, na tangu hapo sijazika hata kifaranga!"

"Huyu mama ni nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mke wangu," Othman alijibu kwa mazoea.

Mkaguzi akamtazama ajuza yule, hana jino la mbele hata moja, kisha akamtazama Othman, akaamua asiulize zaidi. Lakini Mbodze alikuwa ameshaingia, kitabu cha sheria kwapani, kinanuka papa.

"Bwana mkubwa, nina swali. Mtu huitwa mwizi kabla ya kusikilizwa, au baada? Kwa maana mimi humu nimeona baada." Akaweka kitabu mezani kwa kishindo, macho yake yakaangukia daftari. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Midomo yake ikawa inatamka jina lile lile. Kicheko kikamfutika usoni.

"Umeandika wewe haya?"

"Ningefanyaje?" Othman alisema kwa sauti ndogo. Aliona haya kumtazama.

"Ungetuandika sisi, mpumbavu wewe. Ndiyo ulikuwa na haki." Mbodze akaifuta mikono yake kwenye kanga. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Watu wakaguna. Kitsao akaita dirishani, "Mbodze! Ukiandika, utani umekwisha!"

"Umekwisha kwa kitabu hiki tu. Ule wa sura yake nimeubakiza." Akainama. Alikuwa amejifunza herufi mwaka huo huo, katika darasa la watu wazima, na hakuwahi kuandika jina lake mbele ya mtu. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili. Lilichukua muda, na watu wote waliojaa pale walingoja bila kukohoa, mpaka alipomaliza na kulipuliza likauke.

Baada ya hapo nani angebaki nyuma? Wakapanga mstari. Vitabu vilitoka kwenye vikapu, vikatoka chini ya kanga, kimoja kikatoka ndani ya sufuria. Vilikuwa vimekunjamana, vina alama za vidole, vya wavuvi vimevimba kwa chumvi. Bimkubwa alitia dole gumba, akadai na cha pili. Mkaguzi alikipokea cha nyota akakinusa.

"Hiki kinanuka pombe."

"Ni tembo la asubuhi, bwana," Kitsao alisema kwa heshima zote. "Halijachacha."

Kila aliyesaini mkaguzi alimuuliza swali, mwanzoni kwa ukali, baadaye kwa uchu, maana mzee mmoja alimweleza habari za mchwa mpaka akasahau saa. Mwisho akaandika kwenye karatasi zake, akasema maktaba itabaki palepale ilipo. Vigelegele vikapasua paa. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akafungua ule ukurasa wa kwanza wa daftari, akaanza kufuta Othman wa Kombe, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Hawa wote nimeona vitabu vyao," alisema. "Chako kiko wapi?"

"Mimi ni mtunzaji, bwana."

"Nimeuliza kitabu chako."

Othman alisimama na ufunguo wake shingoni mbele ya jamaa zake wote, na aibu iliyomshika ilikuwa nzito kuliko ile ya kuitwa mwizi. Mkaguzi akafunga mkoba. "Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nitaanza na wewe." Mlangoni Bimkubwa alimzuia kwa mguu mpaka akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaruhusiwa kupita.

Othman akawageukia watu, akasema, "Sasa mimi nianze na kipi?"

Mbodze alifungua kinywa. Maneno aliyokuwa nayo yangetosha harusi tatu, lakini Bimkubwa alimpiga jicho, akayameza. Bibi kizee akamsogezea mjukuu wake kigoda na kumpa kile cha kuku. "Kaa hapa, mume wangu. Nisomee wewe leo. Yule mtoto anayenisomea huwa ananirukia maneno."

Othman akaketi, akaanza kwa ile sauti ya kuita wakata miwa. Bimkubwa akamkatiza. "Polepole! Hawa ni kuku, hawatoroki." Akaanza upya, polepole. Akafika kwa kuku anayeatamia, jinsi anavyoyageuza mayai yake mwenyewe mara nyingi kwa siku ili joto lifike kila upande, hata chakula anakisahau. Othman akarudia sentensi ile. Alikuwa amekula mayai miaka yote na hakuna aliyemwambia. Kitsao akaja kumgusa bega, akamwambia jua limeshuka, watu wanataka kwenda nyumbani, funga maktaba.

"Nyamaza," Othman alisema bila kuinua macho, akafungua ukurasa.