Boneti Yenye Joto

Niliweka kiganja juu ya boneti ya gari la shangazi, nikakiondoa upesi. Ilikuwa na joto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti la gereji halijafunguliwa kwa wateja, mafundi wote wako vitandani, na gari lililolala nje kwenye baridi lilikuwa na joto kama birika lililotoka jikoni.

Ni miaka mingi sasa, lakini nikiikumbuka asubuhi ile bado nacheka peke yangu.

Shangazi alikuwa mkunga. Watoto hawana adabu ya kuchagua saa, na alfajiri ndipo gari lilipomgomea: anawasha, linakohoa, linazima, mpaka anapanda pikipiki ya kukodi, amekumbatia mkoba wake wa kazi. Ndiye aliyeniombea nafasi gereji, miezi mitatu ya majaribio, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Basi gari lake nikakabidhiwa mimi. Mara tatu nilililaza gereji, na mara tatu asubuhi likawaka mara moja mbele ya watu wote. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha betri, nikamrudishia. Kesho yake likagoma tena.

"Likirudi mara ya nne," Fundi Mkuu aliniambia, bila kuinua uso kutoka kwenye chai yake, "utaondoka nalo."

Likarudi. Usingizi ulinipaa, nikawahi gereji kabla ya kila mtu.

"Babu, nani amewasha hili gari?"

Mlinzi wetu, tuliyemwita Babu Foleni, alinitazama kwa fahari. "Mimi, nani tena? Kila alfajiri nayawasha yote, nayapanga yatazame geti. Hili lako bishi, mwanangu! Leo limenitoa jasho nusu saa. Lakini nalibembeleza mpaka linakubali."

Nilicheka mpaka nikachuchumaa. Kila siku tulikuta magari yamepangwa mstari ulionyooka, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yamejipangaje.

"Babu wangu, nakuomba, kesho hili usiliguse."

"Litaniharibia mstari."

"Liharibu tu."

Kesho yake injini ilikuwa ya baridi kabisa. Nilichomeka mashine ya kupimia, nikazungusha ufunguo kidogo bila kuwasha injini. Mashine ikasoma kwamba injini ina nyuzi joto themanini na tano. Nikasoma tena, nikagusa injini tena. Sensa ya joto, kile kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari injini ina moto kiasi gani, ilikuwa imekwama! Iliidanganya kompyuta kwamba injini imeshapata moto, na kompyuta ikabania petroli, ilhali injini ya baridi huhitaji nyingi ili iwake. Injini ikiwa ya moto kweli, uongo ule haukuonekana, na sisi siku zote tuliipima ikiwa ya moto.

Nilifunga sensa mpya, ndogo kuliko kidole gumba, nikaliacha gari lilale. Babu Foleni aliapa kulikwepa.

Asubuhi iliyofuata wote walisimama na vikombe mikononi. Fundi Mkuu mwenyewe alipapasa boneti, akaitikia kwa kichwa kwamba ni ya baridi. Shangazi akazungusha ufunguo. Likawaka hata hajaketi vizuri! Alipiga honi ndefu isiyo na sababu, akatoka getini bila kuaga. Kuna mama alikuwa anamsubiri.

Fundi Mkuu alisikiliza mlio mpaka ukapotelea mwisho wa mtaa. Kisha akamimina chai iliyobaki chini.

"Mpeni na gari lile la buluu," alisema.

Nikafungua boneti ya lile la buluu haraka, nikainama ndani kabisa, wasije wakaniona ninavyolia.