Njia ya Tembo

Asubuhi ya Jumapili Geesje Hoving alikuwa amepiga magoti pembeni mwa mchanga unaohama, aking'oa miche ya misonobari. Isipong'olewa, mchanga hufunikwa, upepo haupati cha kupeperusha, na kipozamataza, ndege anayetaga chini mchangani, hana pa kwenda. Mwaka huo kilibaki kiota kimoja tu. Geesje alikilinda utadhani mayai kataga yeye.

Balaa lilikuwa ule mkato. Watu hawakutaka kuzunguka na njia iliyowekwa. Walikatiza vichaka vya maua ya zambarau mpaka pakawa njia. Huko kwao, jimbo la Drenthe, njia ya hivyo huitwa njia ya tembo. Wameiita hivyo miaka nenda miaka rudi, basi masika hayo tembo akaja.

Alikuwa jike, mtu mzima, sikio moja limechanika. Aliusoma ubao wa USITOKE NJIANI, akashika njia halali na hakuiacha hata siku moja. Alipofika penye mkato aliburuta magogo akauziba. Watu wakayapanda magogo.

Jumapili hiyo jirani yake Geesje, Wolter Mensing, akaruka gogo na mbwa wake, mbwa hana kamba.

"Wolter! Mfunge mbwa, bwana! Kuna kiota huko!"

"Aa, Geesje nawe! Huyu hana neno."

"Kila mbwa hapa hana neno! Nimechoka mie na hana neno zenu!"

Mbwa akarudi anajiramba, ute wa yai unaning'inia kidevuni. Geesje alikwenda kutazama, akakuta maganda. Akakaa kitako, akalia kwa hasira. Tembo akaja mpaka ukingo wa njia, akanyoosha mkonga ukamfika begani. Zaidi ya hapo hakusogea, ubao ulikataza.

Wolter akamkazia macho yule tembo. "Na huyu je? Mbona hana kamba? Watoto wanapita hapa, jamani!"

Akapeleka malalamiko, ofisi ya hifadhi ikayakubali. Wiki iliyofuata Geesje akatumwa kusimamisha ubao mpya: TEMBO WAFUNGWE KAMBA. Tembo, shingoni ana kamba mpya ya buluu, aliushika mti wa ubao usiyumbe, na Geesje akapigilia misumari kama anayempiga mtu.

Nyuma yao Wolter alikuwa akipita kwenye mkato, mbwa wake katangulia. Akawapungia mkono.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa hata roho inatulia."