Dawa ya Eliamini

"Imegoma tena, mama." Binti wa duka la dawa pale Kimandolu alimrudishia Nkasiogi simu yake. "Pesa ipo, ila inakataa kulipa hapa."

Ilikuwepo kweli. Malipo ya kahawa yaliingia siku ileile alipopima mzigo, kwa shilingi mpya ya kidijitali, pesa ya serikali yenyewe, bila karani wa kuimega njiani. Nkasiogi aliisifia shilingi hiyo hadi kanisani. Sasa vidonge vya kifafa vya mumewe Eliamini vilikuwa vimekwisha tangu juzi, na asubuhi majirani walimtoa kwenye mfereji mdomo umejaa matope.

Akaenda ofisi ya chama cha wakulima. Godbless, ofisa wa mradi, alisimama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pesa yangu mmeifungia nini?"

"Haijafungwa, mama, imeelekezwa. Ya matumizi ya nyumbani umeshaimaliza; iliyobaki ni ya mbolea na dawa. Mkutanoni mlikubali."

"Nilikubali dawa. Nataka kununua dawa."

"Dawa ya kahawa, mama. Ni kwa faida yenu, pesa isiishie kwenye pombe."

"Mimi umeniona nimelewa lini?"

Godbless alitabasamu. "Mfumo haujui nani mlevi."

"Na nani mgonjwa, unajua?"

"Andika barua. Kamati inakaa mwezi ujao."

Hasira zilimpanda Nkasiogi hadi masikio yakawaka. Kahawa kaipalilia yeye, kaichuma yeye, halafu kijana huyu ndiye wa kumfundisha dawa ni nini! Alitoka bila kuaga, akavuka barabara hadi duka la pembejeo. Huko simu ilikubali mara moja.

Alirudi na chupa ya dawa ya wadudu, yenye fuvu ubavuni, akaisimamisha juu ya meza ya Godbless.

"Hii ndiyo dawa mliyoniruhusu," alisema, kwa sauti iliyofika barazani walikokaa wakulima wengine. "Mume wangu ameandikiwa asubuhi na jioni. Twende nyumbani ukamnyweshe mwenyewe."

"Mama, tafadhali, watu wanasikia."

"Wasikie."

Wakulima walisogea mlangoni. Hakuna aliyecheka. Simu ikalia, na Nkasiogi akamgeuzia Godbless kioo asome ujumbe: *Hongera! Umenunua dawa.*

Kisha akafungua kifuniko. Harufu kali ikajaa ofisini, Godbless akaziba pua kwa tai yake.

"Kijiko mnacho?" Nkasiogi aliuliza.